Wimbo Ambao Baba Hakuumaliza



Mimi nimelelewa katika nyumba ya askari wa polisi, na wengi wenu mnazijua nyumba hizo zilivyo. Mlango wa jirani u hatua chache tu kutoka mlango wako, na neno lisemwalo jikoni kwa huyu husikika kitandani kwa yule. Watoto wa huko huijua hali ya baba kwa mlio wa viatu vyake kabla hajafika mlangoni. Mimi nilimjua baba yangu kwa wimbo. Kila Jumapili jioni, alipoketi nje kuvipaka viatu vyake kiwi tayari kwa zamu ya Jumatatu, aliuimba wimbo mmoja puani, bila maneno, polepole kama mtu anayebembeleza mtoto. Na kila mara, alipofika mahali pale pale, alinyamaza, akaendelea kusugua viatu.

Nikiwa mdogo nilidhani wimbo wenyewe unaishia hapo. Nilipokua kidogo nilimwuliza mama sababu. Mama alinijibu, "Mwache baba yako na viatu vyake." Basi nikamwacha. Nikasoma, nikapata cheti cha ualimu katika chuo kimoja wilayani Tororo, nikafundisha darasa la nne kwa miaka sita, kisha nikaajiriwa katika ofisi ya gombolola, katika kazi ya maendeleo ya jamii. Muda huo wote sikujua wimbo ule ni wa nani. Nilikuja kulijua jambo hilo miaka miwili iliyopita, na sababu ya kulijua ni kwamba mimi mwenyewe nilijiingiza katika kutunga mchezo wenye nyimbo, nikapata taabu kwa ajili yake.

Wimbo ule ulitoka katika mchezo wa kuigiza uitwao Oluyimba lwa Wankoko, na mtungaji wa mchezo huo ni Byron Kawadwa.

Vijana wengi wa leo hawalijui jina hilo, kwa hiyo sina budi kueleza. Jumba la Michezo la Taifa mjini Kampala lilifunguliwa mwaka 1959, na siku za mwanzo jukwaa lake lilitumika zaidi kwa michezo ya Kiingereza. Lakini hata kabla ya jumba hilo kujengwa, wako wananchi waliokuwa wakitunga na kuigiza kwa lugha zao. Mzee Wycliffe Kiyingi alikwisha kuifungua njia hiyo kwa Kiganda katika miaka ya 1950. Kawadwa aliifuata njia hiyo na kuipanua. Katika miaka ya 1960 alianzisha kundi lililoitwa Kampala City Players, na akashirikiana na Wassanyi Serukenya, bingwa wa kutunga nyimbo za kwaya. Kawadwa alileta kisa na maneno, na Serukenya akaleta sauti. Katika ushirikiano huo ikatoka michezo kama Makula ga Kulabako na Oluyimba lwa Wankoko. Mwaka 1973 Kawadwa akawa mkurugenzi wa sanaa katika lile Jumba la Taifa.

Huenda msomaji akauliza, mchezo wa Kiganda ulimhusu nini askari Msamia wa Busia? Jibu liko katika historia yetu. Tangu Semei Kakungulu alipofika pande hizi za mashariki mwanzoni mwa karne iliyopita, akaja na makarani na machifu wa utawala wa Kiganda, lugha hiyo iliingia makanisani, sokoni na katika baraza. Hata neno hili gombolola, ambalo leo Msamia, Mteso na Mjapadhola hulitamka kama neno la nyumbani kwao, lilitoka huko. Wazee wetu wengi walikisikia Kiganda, wakipenda wasipende. Na wimbo mzuri haumwulizi mtu kabila lake kabla ya kumwingia sikioni.

Jambo hilo la wimbo ndilo lililoipa michezo ya Kawadwa nguvu yake. Mchezo wa maneno matupu huwafaa wale waliokata tikiti na kukaa kitini. Lakini mchezo wenye nyimbo hutoka mlangoni pamoja na watazamaji. Yule aliyeutazama huuimba wimbo akiwa kituo cha basi. Mchuuzi wa ndizi huudaka. Mwanawe huupeleka shuleni. Na kabla ya mwezi kuisha watu ambao hawajaliona jumba lenyewe wanauimba kisimani. Ndivyo ulivyomfikia baba yangu. Yeye hakupata kuutazama mchezo ule hata siku moja, kwa kuwa mshahara wa konstebo haukumruhusu. Alifundishwa wimbo mmoja na askari mwenzake waliyekaa naye chumba kimoja huko Kampala, ambaye aliwahi kuingia jumbani na kuutazama.

Oluyimba lwa Wankoko ulitungwa mwaka 1971. Kisa chake ni cha tamaa ya madaraka katika nyumba ya kifalme, na jina la Wankoko latokana na neno la Kiganda la kuku. Watazamaji wa wakati ule waliuona ndani yake mwaka 1966, pale jeshi lilipotumwa na Rais Obote kulishambulia jumba la Kabaka, na mwaka 1967, pale falme zilipofutwa kwa katiba mpya. Serikali hiyo ilikwisha kupinduliwa tarehe 25 Januari 1971, na kuicheka serikali iliyoanguka si kazi ngumu. Ila yule aliyeliongoza jeshi mwaka 1966, Idi Amin, ndiye sasa aliyekuwa Rais. Miaka ikapita. Waasia wakafukuzwa mwaka 1972, bidhaa zikaadimika, watu wakaanza kutoweka. Maneno ya mchezo yalikuwa yale yale, nyimbo zilikuwa zile zile, lakini sasa kila aliyemwona jukwaani mtu anayetamani kiti kisicho chake hakuhitaji kukumbuka mwaka 1966. Alitazama tu mbele yake.

Mwaka 1977 Uganda iliupeleka mchezo huo Lagos, Nigeria, katika tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililojulikana kwa jina la FESTAC, lililoanza tarehe 15 Januari na kumalizika tarehe 12 Februari. Nchi zaidi ya 50 zilihudhuria. Kwa hiyo tafakari jambo hili, ndugu msomaji: serikali yenyewe ndiyo iliyouchagua mchezo huo uiwakilishe nchi mbele ya Afrika nzima. Kisha, muda mfupi baada ya Kawadwa kurudi nyumbani, watu wa idara ya upelelezi iliyoitwa State Research Bureau walimkamata pale pale jumbani alipofanyia kazi. Hakurudi kwa jamaa zake akiwa hai. Wengi walioandika habari zake wamekiunganisha kifo hicho na mchezo aliotoka kuuonyesha Lagos.

Sisi wa upande wa Tororo mwaka ule hatuwezi kuusahau. Tarehe 16 Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, na pamoja naye mawaziri wawili. Mmoja wao alikuwa Erinayo Oryema, ambaye askari polisi mnamkumbuka kwa kuwa ndiye Mwafrika wa kwanza kuliongoza Jeshi la Polisi la Uganda. Wa pili alikuwa Charles Oboth-Ofumbi, Waziri wa Mambo ya Ndani, mwana wa Tororo. Serikali ilitangaza kwamba wote watatu walikufa kwa ajali ya gari. Wazee wa Tororo hadi leo hawaitamki habari ile ya ajali bila kutikisa kichwa. Na Busia wakati huo ilikuwa bado katika wilaya moja na Tororo, hadi tulipopata wilaya yetu mwaka 1997. Kwa hiyo msiba huo ulikuwa wa nyumba moja.

Baba alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Aliniambia hivi, na nayaandika maneno yake kama nilivyoyashika:

"Jioni moja nilikuwa nikipiga pasi sare yangu, naimba. Yule mwenzangu aliyenifundisha aliingia, akafunga mlango, akaniambia, 'Acha wimbo huo. Mwenyewe wamemchukua.' Hakusema zaidi, wala mimi sikuuliza. Tangu siku hiyo hatukuimba tena chumbani mwetu."

Nilimwuliza kama aliwaogopa wale waliomchukua Kawadwa. Baba akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Niliwaogopa, ndiyo. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua zaidi. Wale hawakuvaa sare yetu. Walivaa mashati ya maua na miwani myeusi. Ila mwananchi hakuweza kututofautisha. Tulipopita sokoni watu walinyamaza, hata waliokuwa wakicheka. Mwanangu, askari ambaye soko zima hunyamaza akipita, analinda nini?"

Sasa nivuke mpaka kidogo, maana sisi watu wa Busia kuvuka ni desturi. Shangazi yangu aliolewa upande wa Kenya, kwa Wasamia wa Funyula. Katika miaka ile ya uhaba ndiye aliyekuwa akituletea nyumbani kwetu sabuni, chumvi na sukari, na kwake sisi tulikuwa watu wa kuhurumiwa. Lakini mwaka huo huo wa 1977 Kenya nayo ilikuwa na mchezo wake wenye nyimbo. Huko Kamiriithu, karibu na Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii walitunga Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, ukaigizwa na wakulima na vibarua wa kijiji hicho katika uwanja walioujenga kwa mikono yao. Ulianza kuonyeshwa mwezi Oktoba. Mwezi Novemba kibali kikaondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngugi wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Alipokuwa gerezani aliandika kitabu juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1982 uwanja ule wa Kamiriithu ukabomolewa. Ngugi aliishi miaka mingi ughaibuni, akafariki dunia mwezi Mei mwaka 2025.

Sisemi kwamba mambo ya nchi hizo mbili yalilingana. Mmoja aliwekwa kizuizini akatoka na kitabu, na mwingine hakutoka. Nasema tu kwamba katika mwaka ule ule ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na serikali zetu hazikuweza kukubaliana hata juu ya gari moshi na ndege, zilikubaliana bila kuandikiana barua kwamba wimbo wa mwananchi katika lugha ya mama yake ni kitu cha kuogopwa.

Haya yote sikuyajua nilipoanza kuutunga mchezo wangu. Mimi si Kawadwa, na nisingependa mtu adhani najilinganisha naye. Nilikuwa na wanafunzi wa shule moja ya msingi karibu na mpaka, na kina mama kadhaa, wake za askari na wachuuzi, na tulitaka kuwaonyesha wazazi jambo fulani siku ya kufunga muhula. Tukatunga mchezo tukauita Kizuizi. Tulitumia Kiswahili, kwa sababu kina mama wale walikuwa na lugha tano baina yao, na nyimbo tukazitoa katika ngoma za Kisamia na za Kiteso. Kisa kilikuwa cha mama anayepita njia ya panya na trei za mayai. Humo alikuwamo askari mwema aliyemwelekeza mama afuate njia halali, na alikuwamo askari mwingine aliyenyoosha kiganja akitaka chai. Kuhusu huyo wa chai tulikuwa na wimbo, na kwa kweli ndio uliokuwa wimbo wetu bora.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, mkubwa mmoja alituma neno kwamba mchezo huo unaidharau sare, na kwamba afadhali usionyeshwe. Nilishikwa na hasira, na chini ya hasira hiyo kulikuwa na woga, kwa maana mimi ni mtumishi wa serikali na nina watoto wanaonitegemea. Ndipo nilipokwenda kwa baba, nikitumaini ataniambia niache. Badala yake alinisimulia habari za Kawadwa, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Alipomaliza alisema, "Usimtoroke huyo afande. Mwalike. Mtu huogopa zaidi wimbo aliosimuliwa kuliko wimbo aliousikia."

Nikaandika barua ya heshima, nikamwalika aje kwenye mazoezi. Alikuja Alhamisi, amevaa nguo za kiraia, akaketi kwenye dawati la mwanafunzi huku magoti yake yakigusa ubao. Alicheka mara moja, kisha akajizuia. Mwishoni akasema, "Mwalimu, mchezo uendelee. Ila huo wimbo wa chai uuondoe." Nikauondoa. Sijisifu kwa jambo hilo. Nilijiambia kwamba mchezo mzima una thamani kuliko wimbo mmoja, na hadi leo sijui kama nilisema kweli au nilijifariji.

Siku ya mchezo watu walijaa chini ya miembe. Tulipofika pale penye kizuizi, kijana wetu akanyoosha kiganja, na pale ulipokuwa wimbo pakawa kimya, kwa kuwa ndivyo nilivyoagiza. Lakini wadogo wa madarasa ya chini, waliokaa mbele kabisa, walikuwa wameyasikia mazoezi yetu dirishani kwa wiki tatu. Waliona pengo, nao wakalijaza. Wakaanza kuimba wao wenyewe, wakipiga makofi, na mama zao wakaitikia nyuma. Mimi nilisimama pembeni mikono ikinitetemeka, nikimtazama yule mkubwa aliyeketi mstari wa mbele. Aliivua kofia yake akaiweka magotini. Sikumwona akipiga makofi, wala sikumwona akiondoka.

Kesho yake nilikwenda kazini saa mbili kama kawaida, nikangoja. Hakuna aliyeniita. Wiki ikapita, mwezi ukapita, na hakuna aliyeniita. Ndugu msomaji, jambo hilo laweza kuonekana dogo, bali mimi naliona kubwa. Siku ile ya kwenda kazini na kurudi nyumbani salama ndiyo siku aliyonyimwa Byron Kawadwa.

Waliokuja baada yake hawakuiacha michezo yenye nyimbo ife. Kundi la Ebonies, pamoja na sauti ya marehemu Jimmy Katumba, liliwajaza watu kumbini kwa miaka mingi. Alex Mukulu, katika mchezo wake Thirty Years of Bananas wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, aliisimulia historia yote ya Uganda huru, pamoja na zile siku za giza, mbele ya watu waliokuwa wakicheka na kulia kwa pamoja. Leo mtoto wa askari aweza kuutazama mchezo kama huo akiwa ameketi karibu na baba yake aliye katika sare.

Baada ya mchezo wetu nilimwomba baba auimbe ule wimbo wake hadi mwisho, kwa kuwa sasa hakuna la kuogopa. Alijaribu. Akafika pale pale anaponyamazia siku zote, akasimama. Nikadhani ni ile hofu ya zamani. Baba akatikisa kichwa. "Si hofu, mwanangu," akasema. "Nimeusahau. Miaka karibu hamsini sikuumaliza, na sasa sehemu ile haipo tena kichwani."

Jambo hilo lilinichoma kuliko yote aliyonisimulia. Nikaenda sokoni Busia kwa mama mmoja wa Kiganda auzaye vitambaa, mtu mzima wa makamo ya baba yangu, nikamwimbia ile nusu ninayoijua. Hakuuliza neno. Aliweka mkasi chini, akaimba pale nilipoishia, mpaka mwisho, huku wateja wakisimama kusikiliza, na wawili miongoni mwao wakaitikia. Jumapili iliyofuata nilimchukua baba hadi kwenye kibanda chake. Waliketi juu ya masanduku, wazee wawili, yeye akifundisha na baba akifuata, na soko halikunyamaza.

Nawaomba ninyi mnaoishi na wazee waliotumikia katika miaka ile, msiwaache na viatu vyao kama mama alivyonishauri. Waulizeni polepole, bila kuwahukumu kabla hawajasema. Na ninyi mlio katika sare leo, wakati watoto wa shule ya kambini watakapowaalika kutazama mchezo wao, nendeni. Mkichekwa kidogo, vumilieni.